Siku Zisizo na Jumla

Mwaka jana, ulipokaribia kwisha, tuliwapa wanafunzi wa darasa letu la jioni mjini Kampala zoezi jepesi. Kila mmoja alitakiwa aandike sentensi tano juu ya maisha yake mwenyewe, akitumia kiambishi cha -me-. Wanafunzi wa darasa hilo ni watu wazima: madereva, wauguzi, walinzi wawili wa usiku, na wauzaji wa madukani ambao hujifunza Kiswahili kwa sababu wateja watokao Kongo na Kenya huwasemesha kwa lugha hiyo. Miongoni mwao yumo binti mmoja auzaye vyombo vya nyumbani katika duka lililo ndani ya jengo la ghorofa, katikati ya mji. Sentensi yake ya tatu ilikuwa hii: "Nimefanya kazi dukani kwa miaka miwili." Kisha aliikata kwa mstari, akaandika pembeni: "Hufanya kazi dukani."

Tulidhani amesahau agizo la zoezi. Tulipomwuliza, alijibu: "Samahani, mwalimu, ile ya kwanza si kweli. Tajiri wetu husema pale dukani hakuna mwajiriwa. Kila mmoja wetu ni mtu wa leo. Jioni twalipwa, twaenda zetu. Kesho ni habari nyingine." Tukamwuliza amekuwa mtu wa leo tangu lini. Akasema aliingia katika msimu wa Krismasi, miaka miwili nyuma, na tangu hapo amekwenda siku sita kila juma, isipokuwa alipolazwa kwa malaria.

Kisarufi, sentensi zote mbili ni sahihi, na hatukumpunguzia alama. Hata hivyo tulirudi nyumbani nazo vichwani. Sisi walimu huwaambia wanafunzi kila muhula kwamba kitenzi chenye hu- hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakitaji wakati. Hufanya: nani afanyaye, na tangu lini, kitenzi chenyewe hakisemi. Kiambishi -me- huyabeba yaliyopita mpaka sasa. Asemaye "nimefanya" adai kwamba jambo lililotendeka lingali na athari yake hapo asimamapo. Yule binti, pasipo kukusudia, alikuwa ameieleza hali yake kwa usahihi kuliko tulivyoweza kuieleza sisi. Kazi ilikuwapo. Nafsi na muda vilikuwa vimeondolewa.

Swali tulitakalo kulipeleka mbele ya wasomaji wa kurasa hizi ni hili: je, ni haki mtu kununua kazi ya mwenzake siku moja moja, mpaka zitimie siku mia sita, kisha aseme kwamba hakununua ila siku moja?

Twaanza na maneno, maana ndiyo mali yetu. Neno kibarua, kama lijulikanavyo na walimu wengi, ni barua ndogo. Kamusi za zamani zaeleza kwamba mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, naye alikirudisha wakati wa kupokea ujira. Hatimaye jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Asili yake haina sifa njema. Katika Unguja na Pwani ya karne ya 19, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwatoa wakafanye kazi za kutwa kwa watu wengine, na sehemu ya ujira wao ilirudi kwa bwana. Wala karatasi si malaika. Katika Kenya ya kikoloni, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, wengi wao wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na karatasi ile ilikuwa pingu. Lakini ile barua ndogo ya kibarua, pamoja na ubaya wote ulioizunguka, ilisema neno moja la kweli: mtu huyu alifanya kazi, na malipo yake yangali mkononi mwa mwingine. Kibarua wa madukani leo amebakiwa na jina. Karatasi yenyewe haipo. Mwanafunzi wetu hana mkataba, hana stakabadhi ya mshahara, wala jina lake halimo katika daftari lolote la dukani, ingawa kila sahani aiuzayo hutolewa risiti.

Kiswahili kina maneno mengine mawili ambayo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huyajua: jumla na rejareja. Auzaye kwa jumla hutoa magunia na makatoni. Auzaye rejareja hulifungua gunia na kupima kwa kibaba. Luganda, lugha ya mama kwa wengi wetu hapa, ina neno lejjalejja, na mtu aitwaye "omukozi wa lejjalejja" ni mfanyakazi wa kutwa, leo hapa, kesho pale. Hatutaki kujiingiza katika ubishi wa asili za maneno, kwa kuwa walimu wa lugha tukianza huko hatutoki. Lakini sikio lausikia udugu wa maneno hayo mawili, na udugu huo watufaa: kibarua ni mtu auzaye kazi yake rejareja.

Hapo ndipo penye fumbo. Bidhaa iuzwayo rejareja huwa ghali kuliko iuzwayo kwa jumla. Mama anunuaye sukari ya vijiko vichache kwa chai ya asubuhi hulipa, ukipiga hesabu ya kilo, zaidi ya mwenye kununua mfuko mzima. Hakuna alalamikaye. Muuzaji amepata taabu ya kufungua, kupima, kufunga na kungoja wateja, na taabu hiyo ina bei yake. Kwa kanuni hiyo hiyo, siku moja ya kazi ingalipasa kuwa ghali kuliko siku iliyo ndani ya mwezi mzima wa kazi, maana auzaye siku moja moja ndiye abebaye taabu zote. Ndiye angojaye mlangoni saa moja asubuhi pasipo kujua kama ataitwa. Ndiye alipaye nauli ya kwenda na kurudi hata siku asiyopata kitu. Lakini mambo ni kinyume. Kazi inunuliwayo rejareja ndiyo iliyo rahisi zaidi mjini: haina likizo, haina malipo ya ugonjwa, haina akiba ya uzeeni, na mara nyingi hata ujira wenyewe wa siku ni mdogo.

Kwa nini kanuni ya duka igeuke kichwa chini miguu juu mara tu bidhaa iwapo mtu? Sababu ni kwamba sukari isiyonunuliwa leo itanunuliwa kesho, ingali sukari ile ile. Siku isiyonunuliwa leo haiwekwi kabatini. Ni kama samaki wa mwaloni asiye na barafu, ambaye mchuuzi wake humpunguza bei kadiri jua lipandavyo. Tena mchuuzi huyu ana njaa, na aombwaye kununua ameshiba. Tunataja haya ili isidhaniwe kwamba bei hiyo imeshuka kutoka mbinguni. Nchini Australia mfanyakazi wa aina hii hulipwa kwa kila saa nyongeza ambayo kwa kawaida ni asilimia 25 juu ya ujira wa mwajiriwa wa kudumu, kwa kuwa hana likizo ya malipo wala siku za ugonjwa. Kule kazi ya rejareja ina bei ya rejareja. Basi lawezekana.

Mwenye duka aweza kutujibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: "Mimi namlipa kila jioni. Je, dini zote hazikuamuru hivyo?" Kweli, zimeamuru. Waislamu wamefundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi. Amri hizo zilitolewa kwa ajili ya maskini asiyeweza kungoja, nasi hatuna neno juu yake. Yule binti mwenyewe alituambia kwamba hapendi mshahara wa mwezi ucheleweshwao, kama anavyoona kwa dada yake mwalimu. Lakini kulipa kila siku ni jambo moja, na kuifuta kila siku ni jambo la pili. Mwenye duka aweza kulipa jioni na bado akakumbuka. Amri yasema deni la leo lisilale. Haisemi kwamba jua likizama mtu naye amekwisha.

Mapokeo yetu yenyewe yanajua kwamba siku zikikusanyika humbadilisha mtu hadhi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huitumia sana tunapomkejeli mgeni mvivu, nasi huwaeleza wanafunzi hivyo hivyo. Yafaa tuisome na kwa upande wa pili. Jembe ni mzigo, lakini ni cheo pia: apewaye jembe ameingia katika hesabu ya nyumba, atakula pamoja na wenyeji, akiugua atauguzwa. Siku tatu zilitosha. Yule binti amekuwa na jembe mkononi tangu asubuhi ya siku ya kwanza, na baada ya siku mia sita angali mgeni. Vivyo hivyo twasema haba na haba hujaza kibaba. Methali yenyewe ni ya dukani, ya vipimo vya nafaka. Sharti lake moja halitajwi, kwa sababu aliyeitunga hakufikiri kwamba lahitaji kutajwa: kibaba kisimwagwe kila jioni.

Kwa maoni yetu hapo ndipo kosa lilipo. Hatusemi kwamba kazi fupi ni dhuluma. Lori likifika na saruji, watu wanne wakaishusha kwa saa mbili wakalipwa, kazi imekwisha kweli, na hakuna aliyedanganya. Duka la sare za shule likiongeza wauzaji watatu katika juma la kufungua shule, hilo pia ni jambo la haki likiwekwa wazi mapema. Uongo huanza pale kazi yenyewe ni ya kudumu, duka likifunguliwa kila siku na rafu zikihitaji kupangwa kila siku na mtu yule yule, lakini siku zake zikakatwa vipande ili zisipate kujumlishwa. Neno jumla, ambalo mfanyabiashara hulitumia kwa makatoni yake, ni hilo hilo litumiwalo na mwalimu wa hesabu. Kinachonyimwa kibarua ni jumla katika maana zote mbili.

Sheria za nchi zetu zimelijua hilo. Katika Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 humtaja kibarua kuwa mtu afanyaye kazi kwa siku au kwa saa, ambaye ujira wake humstahiki kazi ya siku imalizikapo. Na Kanuni za Ajira za 2011 zasema mtu asiajiriwe kwa ukibarua zaidi ya miezi minne, na akifululiza miezi hiyo minne anastahiki mkataba wa maandishi na ukibarua wake umekwisha. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, ni kali zaidi: kibarua ni yule asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, na siku za mfululizo zikifika mwezi mmoja hali yake hubadilika. Ukizisoma sheria hizi kwa jicho la mwalimu wa lugha, waona kwamba zajaribu kurudisha kiambishi -me- mahali kilipofutwa. Haki nyingi zifuatazo, kama vile likizo, taarifa kabla ya kuachishwa kazi, na malipo wakati wa ugonjwa, zote hupimwa kwa muda uliofululiza. Asiye na muda hana cha kupimiwa.

Ndiyo maana mfululizo wenyewe ndio unaoshambuliwa. Wanafunzi wetu hutueleza kwamba wapo matajiri ambao mwisho wa mwezi wa tatu humwambia kibarua "pumzika juma moja", kisha humwita upya kama kwamba hawajapata kuonana. Wengine hawahitaji hata hila hiyo, kwa kuwa hakuna daftari, na pasipo daftari mwezi wa nne haufiki kamwe. Mkaguzi wa kazi akija, atamwuliza nani? Juu ya ujira wenyewe sheria imekaa kimya kwa muda mrefu: kima cha chini cha mwisho kuwekwa nchini Uganda kilikuwa cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakitoshi siku moja ya muuza duka. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, lakini haukuidhinishwa na Rais.

Lipo jibu la pili la wenye maduka, nalo tumelisikia hata midomoni mwa vibarua: kwamba ukibarua ni uhuru. Leo nataka kwenda shamba, naenda. Tajiri akinitukana, kesho siji. Tusilidharau. Makuli wa bandari ya Mombasa walilijua sana kabla ya miaka ya 1950. Wengi wao walifanya kazi siku chache katika mwezi, wakarudi kwenye mashamba yao au shughuli zao nyingine, na serikali ya kikoloni ilichukizwa mno na watu waliojichagulia siku. Baada ya migomo ya 1939 na ya Januari 1947, wakubwa wale walitambua kwamba mtu asiye na kazi ya kudumu hana cha kupoteza akigoma, nao ndio walioanza kuupunguza ukibarua wa bandarini kwa kuwaandikisha wafanyakazi na kuwafunga na kazi moja. Yaani kudumishwa kazini si kila mara zawadi ya upendo.

Lakini uhuru ule ulikuwa na mgongo wa kuegemea. Kuli aliyesema "kesho siji" alikuwa na mihogo ardhini. Binti wetu amepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi mzima, kwa jumla, mwanzo wa mwezi. Karo ya mdogo wake hudaiwa kwa muhula mzima, kwa jumla. Yeye huuza rejareja na hununua kwa jumla, na aishiye hivyo, hata akiwa hodari namna gani, hesabu haimkubali. Ana haki ya kusema "kesho siji", kama vile tajiri ana haki ya kusema "kesho usije". Maneno hayo mawili hayalingani uzito, kwa sababu la kwanza limempoteza msemaji, na la pili limempoteza msikilizaji, na katika yote mawili mpotevu ni yule yule.

Mwezi Machi 2020 tuliona wazi. Serikali iliamuru maduka yasiyouza chakula yafungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na majengo ya maduka katikati ya Kampala yakakaa na makufuli kwa miezi. Wenye maduka walipata hasara kubwa. Wengine hawakuinuka tena. Hata hivyo walikuwa na kitu cha kupoteza chenye jina: bidhaa, amana ya pango, wateja wa mkopo. Kibarua hakufukuzwa, maana hakuwa ameajiriwa. Hapakuwa na barua ya kumwachisha wala siku ya mwisho ya kazi. Palikuwa tu na kesho ambayo hakuitwa, ikifuatwa na nyingine. Mmoja wa wanafunzi wetu wa wakati ule, mwanamume mzima aliyekuwa akibeba makatoni Kikuubo, alituuliza kwa simu kama tunaweza kumwandikia barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa na kazi, apate kuionyesha kwa waliogawa posho. Tulimwandikia kwamba ni mwanafunzi wetu. Zaidi ya hapo hatukuwa na ushahidi.

Haki yadai tuseme pia kwamba mwenye duka naye hukandamizwa. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa siku kadhaa, wakilalamikia kodi na ule mfumo wa risiti za kielektroniki uitwao EFRIS. Pango la majengo yale ni zito, na tajiri wa duka la mita tatu kwa nne si tajiri wa kweli. Kiswahili chetu humpa jina kubwa kuliko mfuko wake. Wengi wao huuza kwa mkopo walioupata kwa riba, nao huishi kwa siku kama vibarua wao. Tunakiri ugumu huo. Lakini twashangaa kwamba katika mabishano yote yale juu ya kila sufuria kuandikwa risiti, hatukusikia mtu akiuliza siku za muuza sufuria zinaandikwa wapi. Tena siku maduka yalipofungwa kwa ajili ya kudai haki, walioajiriwa kwa kutwa hawakulipwa, na hakuna aliyeona kwamba hapo nako pana mgomo ndani ya mgomo, ambao mmoja amegoma kwa gharama ya mwingine.

Ni rahisi kwetu kusema haya. Wengi wetu tumepata kuifundisha riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli, iliyotoka mwaka 1979, na wanafunzi huandika insha kali juu ya mgomo wa Unguja wa 1948 na ukatili wa wenye kazi. Wakoloni wamekwenda zao. Kuwalaani hakumgharimu mtu shilingi. Yule amwagiaye maji maua ya shule ambamo insha hizo huandikwa hulipwa kwa kutwa. Wapishi wa shule nyingi hali yao ni hiyo hiyo. Hata walimu wa Kiswahili, katika shule zisizotaka kuwaweka katika orodha, hulipwa kwa kipindi, na likizo ifikapo hawana chakula.

Wala hatuwezi kukomea kwenye shule za watu. Chama chetu huweka kibanda cha vitabu mwanzoni mwa kila muhula, mwezi wa Februari, wa Mei na wa Septemba, kwa majuma matatu hivi. Ni duka, dogo lakini duka, la rejareja. Baada ya kisa cha yule binti, baadhi yetu tulimwomba Mhazini atuonyeshe daftari la mapato na matumizi. Kila kitu kilikuwa sawa. Kila kitabu kilichouzwa kimeandikwa kwa jina lake, kamusi, sarufi, hadithi za watoto, na bei yake mbele yake. Chini ya matumizi palikuwa na nauli, turubai, chai, kisha neno moja, "Vibarua", na kiasi cha fedha. Hakuna majina. Hakuna siku. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, "Jumla".

Tulimwuliza Mhazini, ambaye ni mwalimu mstaafu na mama tunayemheshimu sana, kama ingewezekana tangu sasa kuandika majina. Alitutazama kwa muda. "Wanangu," alisema, "mkitaka majina mtapata na siku. Mkipata siku mtazijumlisha. Mmejiandaa?"

Hatukuwa tumejiandaa. Kijana mmoja amekaa katika kibanda kile mihula 12. Ndiye ajuaye ni kitabu gani kitumikacho katika kidato gani, na ni toleo lipi lina kurasa zilizorukwa. Wazazi wakija humwuliza yeye, na sisi wenye shahada husimama kando. Sheria haitubani, maana majuma yake hayafuatani, na miezi minne ya mfululizo haijapata kutimia. Tukajiona tunafurahi kwa jambo hilo, kisha tukaona aibu ya kufurahi. Tulipiga hesabu kwa kukisia: siku 18 kila muhula, mara 12, ni siku 216. Tukamwita ili tumwulize kama ndivyo.

Alitoa mkobani daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Nyuma yake, kurasa nne zilikuwa zimejaa vijistari vilivyofungwa vitano vitano, na kando ya kila fungu jina la mwezi. Alisema siku ni 231. Zile 15 tulizozisahau ni za kupanga vitabu stoo kabla ya kibanda kufunguliwa, na za kuvirudisha. Tulilifungua daftari letu la wino mwekundu tuone kama lina neno la kumjibu. Halikuwa nalo. Basi tumeichukua 231 kuwa hesabu ya Chama, na katika mkutano wa mwezi ujao jambo la kwanza katika ajenda ni siku hizo, na nini tunachodaiwa kwa ajili yake. Kijana amealikwa kuhudhuria. Ameuliza kama siku hiyo nayo itahesabiwa.